Unga usio na jina: ukiumia, utamdai nani Kolwezi?

Unga wa muhogo unaouzwa kwa kipimo katika masoko ya Manika na Dilala, hapa Kolwezi, hauna jina. Umetoka shamba hili na lile, umesagwa kwa mashine moja, umemwagwa katika beseni moja, na jioni unakuwa bukari (ugali) mbele ya watoto. Ni wa bei nafuu kuliko ule wa mfuko uliofungwa kiwandani, na nyumba yenye watu wengi haiwezi kudharau nafuu hiyo. Lakini siku unga huo ukidhuru mtu, mnunuzi hana karatasi wala alama ya kumwonyesha mwenye kosa.

Muhogo mchungu una sianidi, na usipolowekwa siku za kutosha sumu hubaki hadi kwenye unga. Kiwango cha kimataifa kinachokubalika ni miligramu 10 kwa kilo. Septemba 2017 waombolezaji 33 waliokula bukari ya muhogo kwenye msiba huko Kasese, Uganda, karibu kabisa na mpaka wa mashariki wa nchi yetu, Kongo, walilazwa katika hospitali ya Bwera. Wagonjwa walifika 98, na 2 wakafa. Unga uliopimwa baadaye ulikuwa na wastani wa 88. Wachunguzi walilazimika kuufuata unga huo kwa kuuliza nyumba kwa nyumba na duka kwa duka.

Linganisha na Karamoja, katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2019. Mbegu za mnanaha, mmea wa jamii ya datura, zilikuwa zimechanganyika na soya ya uji wa msaada wa Shirika la Chakula Duniani. Karibu watu 300 waliugua, 5 wakafa. Msiba ulikuwa mzito zaidi, lakini magunia yalikuwa na alama: ikajulikana uji umetengenezwa Uturuki, ugawaji ukasimamishwa, na mwenye dhamana akaonekana. Alama ya gunia haizuii sumu. Inachofanya ni kumpa aliyeumia mahali pa kuanzia.

Hapa Lualaba aliyeumia ana njia tatu, na gharama zake hazilingani.

Ya kwanza ni kupatana, mara nyingi mbele ya shefu wa mtaa. Haihitaji wakili, na fedha ya hospitali inaweza kupatikana wiki hiyo hiyo. Kwa mtu aliyetapika siku mbili akapona, mimi naona ndiyo njia ya busara, mradi mapatano yaandikwe na mashahidi watie sahihi. Hatari yake ni ile karatasi ya desharji, inayosema hutadai kitu tena. Aliyefiwa, au ambaye miguu yake haijarudi sawa, asiitie sahihi kwa sababu ya fedha ya matibabu ya leo. Madhara ya sumu ya mimea hayamaliziki kitandani kila mara.

Ya pili ni mashtaka ya jinai, ukijiunga kama upande unaodai fidia. Mashtaka haya ya kujeruhi au kuua bila kukusudia husikilizwa na Tripaix, yaani mahakama ya amani. Faida yake ni kubwa: polisi na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) wana uwezo wa kumwita muuzaji, kukamata gunia na kuagiza vipimo, mambo ambayo mtu binafsi angeyalipia mwenyewe. Ila saa inakimbia. Kosa la kujeruhi bila kukusudia lina kifungo kisichozidi mwaka mmoja, kwa hiyo mashtaka yake hufa baada ya mwaka mmoja. La kuua bila kukusudia lina kifungo cha hadi miaka miwili, na muda wake ni miaka mitatu. Ukingoja hadi mavuno yajayo ndipo uulize, huenda mlango huu umeshafungwa.

Ya tatu ni kesi ya madai. Hii ina subira: sheria ya madai ya 1888 inatoa miaka 30, na kifungu chake cha 258 kinamlazimu kila aliyesababisha hasara kwa kosa lake kuilipa. Lakini hapa mzigo wa ushahidi ni wako peke yako, pamoja na ada ya mahakama, gharama ya wito na wakili. Ukishinda, unaweza kudaiwa ushuru unaohesabiwa kwa asilimia ya fidia kabla hukumu haijatekelezwa. Asiye na uwezo aombe cheti cha umaskini mapema, na aende kwanza kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya mawakili, ile inayoitwa BCG, kabla ya kutoa hata faranga moja.

Kuna mtego mmoja unaowaponza wengi. Watu hudhani kudai kwa sababu ya kasoro iliyofichika katika bidhaa kutawapa fidia kamili. Muuzaji ambaye hakuijua kasoro hiyo hurudisha bei na gharama za ununuzi tu, na mama wa sokoni karibu kila mara atasema hakujua. Ni afadhali kudai kwa uzembe: kwamba aliuza muhogo mchungu bila kuhakikisha umelowekwa, bila kumwambia mnunuzi.

Tunajua hapa kwetu jinsi mdaiwa mwenye uwezo anavyobadilisha kesi. Lori lililomwaga asidi karibu na kijiji cha Kabwe, hapa Lualaba, tarehe 20 Februari 2019, watu wapatao 20 wakafa, lilikuwa likielekea mgodi wa Mutanda, na magari yana bima ya lazima tangu sheria ya 1973. Beseni la unga halina bima. Kwa hiyo ninaona haki inayowezekana kwa gharama ndogo ni hii: wauzaji wa jumla walazimishwe kuandika kwenye kila gunia kijiji na tarehe ya kusaga.

Kabla hilo halijafanyika, anayeugua afanye mambo matatu siku hiyo hiyo: abakize unga kidogo katika chombo safi kilichofungwa, aandike jina la muuzaji na mahali anapokaa, na achukue cheti cha daktari kinachotaja sumu inayoshukiwa.

Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na muhogo mchungu, hauna hata njia hizo. Unajengeka kwa wiki nyingi za bukari ya aina moja, na hakuna jaji atakayeweza kuonyesha ni beseni la nani. Kwa huo kinga ni ile iliyojaribiwa na kufaulu katika vijiji vya jimbo la zamani la Bandundu: changanya unga na maji, utandaze mwembamba, unene wa sentimita moja hivi, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo.