Kinyama cha jicho: Si mtoto wa jicho, wala si cha kupuuzwa

KINYAMA kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa polepole kuelekea mboni huwapata zaidi watu wanaoshinda juani. Machakos ina wengi wa aina hiyo: wakulima, wachimba mchanga, wavunja kokoto na waendeshaji bodaboda.

Mji huo uko karibu na Ikweta, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambapo miale ya jua isiyoonekana huwa mikali. Ikiandamana na upepo na vumbi, hudhuru ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Ngozi hiyo hunenepa, hujaa mishipa ya damu na kuchukua umbo la pembetatu, aghalabu upande wa pua.

Wengi hukiita mtoto wa jicho. Hilo ni kosa, kwani mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo ndani ya jicho, ilhali kinyama huota juu yake.

Kikiwa kidogo, daktari huagiza matone ya kulainisha macho. Matone yenye steroidi hutuliza wekundu upesi, lakini yakinunuliwa kiholela na kutumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na hata upofu.

Upasuaji hufanywa kinapokaribia mboni au kuvuruga uwezo wa kuona. Kikikatwa na pengo kuachwa wazi, mara nyingi hurudi. Ndiposa wapasuaji huliziba kwa kipande cha ngozi kinachotolewa chini ya kope la juu.

Hatari kubwa ni kukichanganya na saratani ya uso wa jicho, ambayo hufanana nacho mwanzoni. Saratani hiyo imeenea Afrika Mashariki, hasa miongoni mwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Utafiti uliofanywa katika vituo vinne nchini Kenya na kuchapishwa 2016 ulionyesha kuwa matone ya fluorourasili baada ya upasuaji yalipunguza visa vya uvimbe huo kurejea katika mwaka mmoja, kutoka asilimia 36 hadi 11.

Kwa hivyo, kinyama kinachokua haraka, chenye utando mweupe au kinachotoka damu kinafaa kuchunguzwa bila kuchelewa, na kikikatwa kipimwe katika maabara. Hospitali ya Machakos Level 5 ina kitengo cha macho. Kinga yenyewe si ghali: kofia pana na miwani inayozuia miale ya jua.