Mzee anapopewa mbwa, chanjo isisahaulike

MZEE wa Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, ambaye wanawe wamehamia mijini, kwa kawaida hanunui mbwa. Hupewa kilebu na jirani ambaye mbwa wake amezaa, ili amlindie boma na, ingawa wengi hawakiri, amwondolee upweke. Jijini Nairobi, chama cha kutetea wanyama cha KSPCA hutoa mbwa waliookolewa wakiwa wamechanjwa na kufungwa uzazi. Kilebu wa jirani hana hakikisho hilo.

Hapo ndipo penye hatari. Kichaa cha mbwa kikishadhihirisha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hivyo kilebu achanjwe anapotimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Anayeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitalini siku iyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.

Lishe nayo si mzigo mwepesi kwa ajuza au shaibu wa miaka 70 anayetegemea Sh2,000 za Inua Jamii kila mwezi. Aidha, heri akubaliane mapema na jirani kuhusu atakayemlisha mnyama huyo iwapo mwenyewe atalazwa.