Dola 400 zinazogharimu maelfu

Mume na mke wenye umri wa miaka 60, wasio na mwajiri wa kuwakatia bima, wakiingiza dola 84,600 kwa mwaka wanapata msaada wa serikali ya Marekani kulipia bima yao ya afya ya 2026. Wakiingiza dola 85,000, hawapati hata senti moja. Shirika la utafiti wa sera za afya la KFF lilipowapigia hesabu wanandoa wa aina hiyo wenye dola 85,000, lilikuta malipo yao ya bima ya kiwango cha kati yanapanda kwa zaidi ya dola 22,600 kwa mwaka. Mwaka 2025 sheria haikuruhusu watozwe zaidi ya asilimia 8.5 ya kipato chao, yaani dola 7,200 na ushee.

Zamu mbili tatu za ziada mwezi wa Desemba zinatosha kumvusha mtu mstari huo wa dola 84,600. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa 2025 wahasibu wa Marekani wamekuwa na wateja wanaouliza swali la ajabu: nifanyeje nipate pungufu? Wengine wanaambiwa waongeze akiba ya uzeeni, kwa sababu fedha inayoingia kwenye baadhi ya akaunti hizo haihesabiwi kuwa kipato. Wengine wanapunguza saa za kazi. Nchi inayosifu wachapakazi imejikuta inawalipa watu wake kwa kutofanya kazi.

Kuuelewa mstari huu kunahitaji kujua Mmarekani anapata wapi bima. Walio wengi wanaipata kazini. Wazee wa miaka 65 na kuendelea wana Medicare, na maskini wana Medicaid. Katikati wanabaki watu wasiomilikiwa na yeyote: mkulima mdogo, kinyozi, mwenye duka la pembeni, dereva wa Uber, fundi bomba aliyejiajiri, mama aliyestaafu mapema akiwa na miaka 61. Sheria ya 2010, ambayo kila mtu anaiita Obamacare, iliwafungulia hao soko la bima, na kuanzia 2014 serikali ikaanza kuwachangia. Msaada ulimhusu mwenye kipato cha kuanzia kile cha mstari wa umaskini hadi mara nne yake. Fedha yenyewe haipiti mkononi mwa mtu. Kila mwezi Hazina inailipa kampuni ya bima, na mteja anaona tu kiasi kilichobaki.

Corona ilibadilisha hesabu. Machi 2021 Bunge liliuondoa ule ukomo wa mara nne, likaweka dari ya asilimia 8.5, na watu walio karibu na umaskini wakapewa bima ya kiwango cha kati bila kulipa chochote kwa mwezi. Ilikuwa ya miaka miwili. Agosti 2022 ikaongezewa muda hadi mwisho wa 2025. Idadi ya waliojiandikisha ikaruka kutoka takriban milioni 12 mwaka 2021 hadi milioni 24 mwaka 2025, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa wanapokea ruzuku.

Hapa pana kichekesho cha siasa. Ongezeko kubwa halikutokea California wala New York, ngome za chama kilichoitunga sheria. Lilitokea kusini, kwenye majimbo yanayoongozwa na Warepublican ambayo yalikataa kupanua Medicaid: Florida ikiwa na watu wapatao milioni 4.7, Texas ikikaribia milioni nne, Georgia milioni moja na nusu. Mbunge wa Georgia wakati huo, Marjorie Taylor Greene, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa kuipenda Obamacare, alijitokeza hadharani Oktoba 2025 kulalamika kwamba bima za watoto wake mwenyewe, ambao ni watu wazima, zitapanda maradufu. Chama chake kilimtazama kama aliyekosea mlango.

Kufikia hapo serikali ilikuwa imeshafungwa. Wademokrat walikataa kupitisha bajeti bila ruzuku kuongezwa muda, na kuanzia tarehe mosi Oktoba ofisi za serikali kuu zikasimama kwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla ya hapo katika historia ya Marekani. Maseneta wanane wa upande wao walipochoka na kukubali zifunguliwe, walichopata ni ahadi ya kupiga kura. Kura ilipigwa kweli, tarehe 11 Desemba. Mswada wa kuongeza miaka mitatu ulipata kura 51 ilhali zilihitajika 60. Mpango wa Warepublican wa kuweka fedha kwenye akaunti za afya za watu binafsi nao ukaanguka siku hiyohiyo. Ruzuku ya ziada ikafa usiku wa mwaka mpya, na ule ukomo wa mara nne, ambao kwa wanandoa wetu wa mwanzo ni dola 84,600, ukarudi. Wiki moja baadaye, tarehe 8 Januari 2026, Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza ya miaka mitatu kwa kura 230 dhidi ya 196, Warepublican 17 wakiasi chama chao. Kura hiyo haikurudisha chochote, kwa kuwa Seneti ilikuwa imeshatoa jibu lake.

Waliopinga hawakukosa hoja. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba kuifanya ruzuku hiyo ya kudumu kungegharimu dola bilioni 350 kwa miaka kumi. Bima ya bure kwa mwezi pia iliwavuta mawakala wasio waaminifu, waliowaandikisha watu bila wao kujua ili wapate kamisheni. Desemba 2025 wakaguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, walieleza jinsi walivyotuma maombi ya watu wa kubuni, na mengi yakapita, serikali ikayalipia. Lakini ofisi ileile ya bajeti ilikadiria pia kwamba bila ruzuku watu wapatao milioni nne zaidi watakuwa hawana bima ifikapo 2034. Wizi wa wakala hauzibwi kwa kumfukuza mgonjwa.

Kasoro kubwa ya mjadala huu mzima iko kwingine. Kwa miezi yote hiyo ugomvi ulikuwa juu ya nani alipe. Ni wachache waliosimama kuuliza kwa nini bima ya wanandoa wawili kwa mwaka mmoja inalingana na bei ya gari jipya. Ruzuku ya 2021 iliwafunika watu wasiione bei halisi. Mwenye kulipa asilimia 8.5 hana haja ya kujua kampuni imepandisha kiasi gani, kwani kinachozidi ni cha Hazina. Kwa 2026 bei ya mipango ya kiwango cha kati ilipanda kwa wastani wa asilimia 26, sehemu yake ikitokana na kampuni zenyewe kuhofia kwamba wenye afya njema watajitoa na kuziachia wagonjwa watupu. Pazia lilipoondolewa, bei ilikuwa imekua nyuma yake.

Walio chini ya mstari wa mara nne hawakuachwa kabisa. Ruzuku ya zamani bado ipo, ila imekonda. Mtu mmoja mwenye dola 28,000 kwa mwaka alikuwa akilipa dola 325 kwa mwaka mzima. Kwa 2026 ni dola 1,562. Mwenye dola 22,000, ambaye hakuwa akilipa kitu, anatakiwa kutoa kama dola 66 kila mwezi. Kwa mtu wa ofisini ni mlo wa jioni mmoja wa watu wawili. Kwa mlezi wa wazee anayelipwa kwa saa, ni bili ya umeme.

Takriban watu milioni 23 walijiandikisha kwa 2026, na wapo waliotumia namba hiyo kusema kelele zilikuwa za bure. Kujiandikisha siyo kulipa. Wengi huandikishwa upya na mfumo wenyewe bila kugusa kitu, na anayepokea ruzuku ana miezi mitatu ya kuvumiliwa kabla bima haijakatwa. Wengine wamebaki kwa kushuka daraja, kutoka mipango ya kiwango cha kati, inayoitwa ya fedha, hadi ile ya shaba, ambako malipo ya mwezi ni nafuu lakini mgonjwa hutoa mfukoni wastani wa zaidi ya dola 7,000 kabla kampuni haijaanza kulipia matibabu mengi. Mtu wa namna hiyo ana kadi ya bima kwenye pochi na bado anaogopa kupiga picha ya eksirei. New Mexico peke yake ndiyo iliyoamua kuziba pengo lote kwa fedha za jimbo.

Wasomaji wenye ndugu Marekani wana sababu nyingine ya kufuatilia. Sheria kubwa ya kodi iliyosainiwa na Rais Trump tarehe 4 Julai 2025 imeweka tarehe zake. Kuanzia Oktoba 2026 wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao bado hawajapata kadi ya kijani, wanatolewa kwenye Medicaid. Kuanzia Januari 2027 wanapoteza pia ruzuku ya sokoni, hata ile ya zamani. Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko zote kwenda Marekani katika miaka iliyoishia 2024, karibu 20,000 katika mwaka wa fedha 2024 pekee, na Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa wengi wao. Mkimbizi haruhusiwi kuomba kadi ya kijani kabla ya kutimiza mwaka mmoja nchini, na maombi yenyewe hukaa foleni.

Kwa madereva wa Uber na wengine wenye kipato kisichotabirika, wenye kadi ya kijani na hata raia, kuna kipengele kilichopita kimyakimya. Ruzuku hutolewa kwa makadirio: mtu anataja mwanzoni atakachopata mwaka huo. Akipitisha, hurudisha. Zamani kwa walio chini ya mara nne ya mstari wa umaskini kulikuwa na ukomo wa marejesho, usiofika dola 2,000 kwa mtu mmoja. Kwa mwaka wa kodi wa 2026 ukomo huo umefutwa, na kila kilichozidi kinadaiwa chote. Aliyekisia vibaya Januari 2026 atajua anadaiwa kiasi gani atakapojaza fomu za kodi, kabla ya katikati ya Aprili 2027.