Marubani Warukao Chali

Wengi wenu mmekwisha kuona eropleni ikipita juu, imenyooka kama mtumbwi katika maji matulivu, na abiria waliomo hunywa chai bila kumwaga. Lakini ziko eropleni nyingine, ndogo, zenye nafasi ya mtu mmoja au wawili tu, ambazo kazi yake si kuchukua abiria wala barua. Hizo huruka ubavu, huruka chali, huzunguka kama pia, hupanda wima mpaka nguvu za mwendo zikaisha, kisha huanguka kinyumenyume. Yuko ndege mmoja katika nchi zetu, jina lake pungu, ambaye akicheza angani hujibiringisha hata tumbo likaelekea juu, kisha hujiweka sawa akaenda zake. Marubani hawa hufanya kama pungu, ila pungu hapewi alama, na wao hupewa, kama ninyi katika mtihani.

Mtu wa kwanza kupiga kitanzi kizima angani, yaani kupanda, kulala chali, kushuka na kurudi pale alipoanzia, alikuwa askari Mrusi, Pyotr Nesterov. Alifanya hivyo karibu na mji wa Kiev, tarehe 9 Septemba 1913. Msidhani kwamba alipokewa kwa ngoma. Wakubwa wake walimwadhibu kwa kumfungia siku kumi, kwa sababu ameihatarisha mali ya serikali. Mwezi ule ule Mfaransa mmoja, Adolphe Pégoud, alipiga kitanzi kama kile, akashangiliwa na watu wengi, na hapo Nesterov naye akakumbukwa, akapandishwa cheo. Leo kikombe wanachopewa washindi wa mashindano ya mataifa kina jina lake. Sijui kama wakubwa wale wangeliweza kuamini.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1960 katika mji wa Bratislava, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Tangu hapo yamehamahama kutoka nchi hata nchi, na mwaka 2017 yalifika Afrika, huko Malelane katika Afrika Kusini, karibu na mbuga ya wanyama ya Kruger. Kila taifa huleta marubani wake, na alama za walio bora hujumlishwa, ili ijulikane ni taifa gani limewashinda wenzake.

Sasa huenda mtauliza, je, mchezo wa angani huamuliwaje, na mbingu haina mistari? Fikirini sanduku kubwa la hewa, ambalo urefu wake ni mita 1,000, na upana vivyo hivyo, na kimo vivyo hivyo. Chini, alama nyeupe hutandikwa katika nyasi ili rubani ajue mipaka ya sanduku lake. Akitoka nje hupunguziwa alama. Akishuka chini kupita kiasi hupunguziwa zaidi, kwa maana hapo hachezi na alama bali na roho yake. Waamuzi hukaa juu ya viti nje ya sanduku, wakitazama juu siku nzima. Kwa kila mchezo rubani huanza na alama 10. Mstari uliotakiwa kuwa wima ukiinama kwa digrii 5, alama moja imekwenda. Mchezo mgumu huzidishwa kwa hesabu kubwa, na mwepesi kwa hesabu ndogo, kwa hiyo hakuna faida kufanya yaliyo rahisi tu.

Tena wanayo maandishi yao wenyewe. Mhispania mmoja, José Luis Aresti, alitunga alama za kuandikia michezo hii: mstari usiokatika wa kuruka sawasawa, mstari wa vipande vipande wa kuruka chali, vishale vya kujibiringisha, pembetatu za kuzunguka kama pia. Mrusi na Mwingereza, ambao hawaelewani kwa maneno, wote husoma karatasi ile ile bila mfasiri. Rubani huibandika mbele ya macho yake, karibu na saa za kupimia mwendo na kimo, na kuisoma huku dunia inazunguka.

Iko michezo ambayo kila mtu huijua miezi mingi mbele, akaizoea. Lakini iko karatasi nyingine ambayo hutolewa mashindano yakiisha kuanza, na ni marufuku kuijaribu angani kabla ya zamu yako. Basi marubani hujifunza namna gani? Hutembea. Ukifika katika uwanja wao asubuhi utadhani umeingia kati ya watu waliorukwa na akili. Watu wazima wanatembea peke yao katika nyasi, macho wameyafumba nusu, mkono mmoja umenyoshwa kama bawa, wanainama, wanageuka, wanarudi nyuma hatua tatu, wananong'ona. Kila mmoja anairuka karatasi yake kwa miguu. Hurudia mara nyingi, mpaka mwili uwe unakumbuka bila kuuliza kichwa.

Maandalizi ya mwili ni magumu kuliko hayo. Chukua ndoo yenye maji kidogo, uizungushe kwa nguvu mpaka ipite juu ya kichwa chako. Maji hayamwagiki, yanabaki yamegandamana na kitako cha ndoo. Rubani katika kitanzi ni kama maji yale. Anagandamizwa katika kiti chake. Eropleni ikivutwa kwa ghafula, uzito wake huongezeka mara nane au zaidi. Mtu mwenye kilo 70 huwa kama mwenye kilo 560, ambao ni uzito wa magunia sita ya mahindi na zaidi. Damu hukimbilia miguuni, macho huona kijivu, na asipokaza miguu na tumbo huzimia. Akisukumwa upande wa pili, damu hujaa kichwani, na hayo ni mabaya zaidi kuvumilia. Mwili hujifunza kustahimili mambo haya polepole, na ukipumzishwa husahau. Kwa hiyo kabla ya mashindano timu hukutana na kuruka siku baada ya siku, na mwalimu husimama chini akiwaambia makosa yao kwa redio. Hana huruma yule mwalimu, wala hapaswi kuwa nayo.

Basi nitawasimulia habari ya siku moja ya maandalizi.

Mwaka 1970 mashindano ya dunia yalikuwa yafanyike Uingereza, katika uwanja wa Hullavington, mwezi wa Julai. Katika timu ya Waingereza alikuwamo Neil Williams, rubani mzoefu ambaye alikuwa amefundishwa pia kazi ya kuzijaribu eropleni mpya. Tarehe 3 Juni alikuwa akifanya mazoezi peke yake juu ya uwanja ule ule. Eropleni yake ilikuwa Zlin, iliyotengenezwa na Wacheki, na katika miaka ile Zlin zilisifiwa sana katika mchezo huu.

Alikuwa ameshuka kwa kasi, akavuta fimbo ili apande tena. Papo hapo akasikia kishindo, na eropleni ikaanza kubiringika upande wa kushoto bila kuamriwa. Alipotazama aliona bawa la kushoto linakunjika kwenda juu.

Ili mwelewe jambo hili, tazameni mlango. Bawa la eropleni hushikwa na mwili kwa viungo viwili, kimoja juu na kimoja chini. Eropleni ikiruka sawasawa, hewa hulisukuma bawa kwenda juu. Kiungo cha chini huvutwa, na cha juu hubanwa. Katika Zlin ile, chuma cha chini kilikuwa kimechoka. Ndiyo, chuma huchoka. Ukikunja na kukunjua waya mara nyingi, hatimaye hukatika, ingawa hakuna mara moja uliyotumia nguvu nyingi. Ufa mdogo usioonekana ulikuwa umekua ndani yake, na siku ile kikakatika. Kiungo cha juu kikabaki peke yake, kikawa kama bawaba, na bawa likaanza kujifunga kama mlango.

Ardhi ilikuwa karibu. Williams alijua ya kuwa ataanguka, akafunga mafuta ili moto usiwake. Katika nafasi ile, ambayo ni fupi kuliko muda wa kusoma mistari hii, alikumbuka habari aliyokuwa ameisikia. Rubani mmoja wa Bulgaria, naye katika Zlin, alikuwa amekatikiwa na kiungo cha juu alipokuwa akiruka chali. Eropleni ile ilijipindua yenyewe ikawa sawasawa, bawa likarudi mahali pake, na Mbulgaria akatua salama.

Williams akaigeuza habari ile. Kama yeye amekatikiwa na kiungo cha chini, dawa yake ni kuruka chali. Kwa maana eropleni ikiwa chali, hewa hulisukuma bawa kuelekea upande wa tumbo la eropleni. Hapo kiungo cha juu, ambacho ni kizima, ndicho kinachovutwa, na pale palipokatika hubanana, kama mlango uliosukumwa ukagota katika mwimo wake. Hakushindana tena na eropleni iliyokuwa ikibiringika kushoto. Aliisaidia ibiringike. Ilipolala chali, bawa lilirudi mahali pake kwa kishindo.

Halafu mtambo ukazimika! Alikuwa amesahau ya kwamba mafuta ameyafunga mwenyewe. Akayafungua, mtambo ukanguruma, na eropleni ikaanza kupanda, rubani akining'inia katika mikanda yake, nyasi za uwanja zikipita juu ya kichwa chake.

Tafadhali fikirini kazi hiyo. Eropleni ikiwa chali, mambo hugeuka. Mwenye kutaka kupanda havuti fimbo kama sikuzote, bali huisukuma mbele. Akikosea akaivuta, amekwenda chini. Mtu asiyezoea angelivuta, kwa kuwa mikono hufuata mazoea. Mikono ya Williams ilikuwa na mazoea mengine. Alikuwa amekwisha kuruka chali mara nyingi sana, kwa ajili ya alama tu, ili mstari wake usiiname.

Lakini hakuweza kubaki huko. Katika eropleni hizo tangi la kurukia chali lina mafuta ya dakika chache tu. Akajaribu taratibu kuigeuza sawasawa, bawa likaanza kukunjika tena, akarudi chali upesi. Akafikiri. Kutua chali kungelimponda kichwa. Kuruka nje hakukuwezekana. Basi akakata shauri kuja chini akiwa chali, hata karibu na nyasi, kisha katika nukta ya mwisho aigeuze eropleni, ili ifike chini kwa tumbo kabla bawa halijapata nafasi ya kukunjika kabisa.

Na ndivyo alivyofanya. Aliuelekea uwanja, akashuka, akashuka tena, akaipindua. Bawa lilikunjika katikati ya mgeuko, lakini ardhi ilikuwa imekwisha kufika. Eropleni ilipiga nyasi kwa tumbo, ikateleza, ikavunjika vipande vipande, ikasimama. Williams akafungua mikanda akatoka kwa miguu yake. Hakuwa na jeraha la maana.

Waliochunguza mabaki wakakiona chuma kilichochoka na ufa wake, jambo ambalo wasingeliliona kwa urahisi kama rubani na eropleni wangeliungua pamoja. Williams mwenyewe aliandika kitabu cha kufundisha michezo ya angani, kilichotolewa mwaka 1975, na aliendelea kuruka mpaka alipokufa mwaka 1977 huko Hispania, katika ajali ya eropleni kubwa ya zamani aliyokuwa akiipeleka Uingereza.

Lakini turudi Hullavington. Baada ya mwezi mmoja mataifa yalikusanyika katika uwanja ule, wakatembea katika nyasi zile zile na mikono yao imenyoshwa. Warusi walishinda. Kwa upande wa wanaume bingwa alikuwa Igor Egorov, na kwa wanawake msichana asiyetimiza miaka 22, Svetlana Savitskaya. Huyo wa pili jina lake lilisikika tena. Mwaka 1984, akiwa katika safari ya nyota, alivaa mavazi ya kazi hiyo, akafungua mlango, akatoka nje ya chombo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, akafanya kazi yake zaidi ya saa tatu mahali pasipo na juu wala chini.