Presha Iliyopanda Kidogo

Wanachama wetu kadha, wengi wao watu wa miaka 40 mpaka 60, wametuletea suala moja kwa njia mbali mbali. Mtu amekwenda hospitali kwa homa au kwa jino, akapimwa presha, akaambiwa "imepanda kidogo", kisha asipewe dawa wala asielezwe zaidi. Amerudi nyumbani hajui kama ni mgonjwa au ni mzima. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili hapa, kwani umri huo ndio wa wengi katika sisi tunaosimamia mashamba, na mtu wa umri huo aghalabu bado hupanda mkarafuu mwenyewe.

Presha, au shindikizo la damu, ni nguvu ambayo damu husukuma kuta za mishipa. Huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni pale moyo unapojikaza kuipeleka damu mwilini. Ya chini ni pale unapopumzika baina ya pigo na pigo. Hesabu yake ni milimita za zebaki, kwani chombo cha kufunga mkononi alichokitoa Bwana Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896 kilikuwa na mrija wa zebaki. Siku hizi vyombo vingi ni vya betri, lakini hesabu imebaki ile ile. Mwenye 110 kwa 70 hana la kumshughulisha. Mwenye 140 kwa 90 au zaidi, akapimwa siku mbali mbali na ikawa hivyo hivyo, huyo ana maradhi ya presha. Baina ya hapo, yaani ya juu kuanzia 120 mpaka 139, au ya chini ikiwa 80 na kitu, ndipo walipo wenzetu waliotuuliza. Madaktari wa Marekani wamekaza zaidi tangu mwaka 2017, na kwao 130 kwa 80 ni maradhi tayari.

Basi, khatari haingoji 140. Mwaka 2002 ulitangazwa uchunguzi uliokusanya khabari za watu wapatao milioni moja. Ilionekana kwamba kwa watu wa miaka 40 mpaka 69, namba ya juu ikizidi kwa 20, vifo vya kiharusi na vya maradhi ya moyo huzidi kiasi cha mara mbili, na hesabu hiyo huanzia chini kabisa, kwenye 115. Moyo unaosukuma kwa nguvu kila siku hufanya kama mkono wa mchukuzi: hunenepa. Lakini mkono ukinenepa huwa na nguvu, na moyo ukinenepa kuta zake hukakamaa, ukawa haujai damu vizuri. Mafigo nayo huumia kimya kimya. Wengi husema, "Mimi presha yangu naijua, ikipanda kichwa huniuma." Kwa walio wengi si hivyo. Mtu huweza kukaa nayo miaka asihisi kitu, na hapana njia ya kuijua ila kupima.

Na kupima kuna adabu yake. Hapana mkulima anayekubali karafuu zake zipimwe juu ya mizani iliyolala upande, wala hapana sababu ya kuukubali mkono wake upimwe ovyo. Aliyetembea juani mpaka hospitali, akanywa kahawa barazani, akaingia moja kwa moja kwa mpimaji huku akizungumza, atapata namba isiyokuwa yake. Kwa nusu saa kabla ya kupimwa asinywe kahawa wala asivute sigara. Aende haja ndogo, kisha akae kitako kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa usawa wa moyo na umetolewa nguo. Apimwe mara mbili, na arudi siku nyengine. Namba aiandike, maana "kidogo" haisaidii kitu mwakani.

Presha ya kiasi hicho mara nyingi huweza kurudi chini bila ya dawa, na mlango mkubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani limesema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, nayo haifiki kijiko kimoja cha chai kilichojaa, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na achari. Nasi twala papa wa chumvi, ng'onda na dagaa! Hatusemi viachwe. Samaki wa chumvi arowekwe, maji yamwagwe, na mchuzi wake usitiwe chumvi tena. Mwenye kitambi akipungua, kila kilo moja huteremsha presha kiasi cha milimita moja. Mwendo wa haraka wa nusu saa, siku 5 kwa wiki, unatosha. Wakati wa kuchuma na kuanika twaupata bila ya kuutafuta, lakini msimu ukimalizika wengi wetu hatutoki barazani. Tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, hatuoni pa kuitetea.

Liko jambo moja ambalo wachache wanalijua. Baada ya siku ya kuchuma, mgongo na magoti yakiuma, watu hununua dukani vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki na kuvimeza wiki nzima. Dawa hizo huweza kupandisha presha na kuyadhuru mafigo. Anayezihitaji kila mara amwambie daktari.

Pia tumeulizwa kama chai ya karafuu hushusha presha. Ingetupendeza kusema ndiyo, kwani ndiyo mali yetu. Lakini hapana ushahidi wa kutosha kwa wanaadamu, na hatutaki mwanachama aache vidonge vyake kwa ajili ya birika la karafuu. Anywe kwa ladha yake.

Mwenye sukari, mwenye maradhi ya mafigo, au aliyepata kuugua moyo au kiharusi, asingoje 140. Huyo daktari huweza kumwanzishia dawa mapema. Mabibi waliopandwa na presha wakati wa mimba nao wapime kila mwaka, hata kama ilishuka walipojifungua. Na mtu akiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki, apelekwe hospitali saa ile ile, asilazwe kungojea asubuhi.

Kwa wale wanaotumia dawa na watakaolala kambini msimu ujao: chukueni vidonge vya siku zote mtakazokaa, na vya wiki moja zaidi, maana mvua ikiharibu uanikaji hapana ajuaye siku ya kurudi.