TRENI AU BASI? HOJA YA USAFIRI WA HARAKA VIUNGANI MWA NAIROBI

Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Aliyenena hivyo nadhani hakuwahi kusimama stejini saa kumi na mbili unusu asubuhi, mvua inanyesha, nauli imeruka maradufu, na makanga anapaza sauti, "Wanafunzi ngojeni nyuma!"

Wasomaji wapenzi, muhula wa pili Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala wenye hoja hii: "Reli ni bora kuliko barabara katika kuwasafirisha wakazi wa viunga vya Nairobi." Mimi nilikuwa katibu, kwa hivyo kazi yangu ikawa kuandika tu, kinywa nimekifunga. Upande wa reli ulishinda kwa kura nne na makofi yakapigwa. Hata hivyo, naona kuna mambo kadha yaliyopitwa mbio mno siku ile, nami nimeomba kurasa hizi niyaeleze polepole.

Kwanza tuelewe ukubwa wa tatizo lenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Lakini sensa humhesabu mtu pale alipolala. Aliyelala Rongai au Kitengela alihesabiwa Kajiado. Wa Ruiru na Kikuyu ni wa Kiambu. Wa Syokimau na Mlolongo ni wa Machakos. Ikifika saa mbili asubuhi, wengi wa hao wako Nairobi pamoja nasi, wanagombea barabara zile zile. Ndiyo sababu mwaka 2017 serikali iliunda NAMATA, mamlaka ya usafiri inayoshughulikia kaunti tano kwa pamoja, yaani hizo nne na Murang'a. Jiji limevuka mipaka yake zamani. Usafiri wake hauwezi kupangwa na kaunti moja.

Sasa turudi kwenye treni. Watetezi wake walisema kweli tupu. Reli ilifika hapa mwaka 1899 na jiji lenyewe likazaliwa na reli. Njia zipo: moja yapita Makadara, Dandora na Githurai kuelekea Ruiru na Thika, nyingine yapanda Kibera, Dagoretti na Kikuyu hadi Limuru, iko ya Embakasi, na iko ya Syokimau ambako stesheni mpya ilifunguliwa Novemba 2012. Mwaka 2020 zikaletwa treni za dizeli zilizokuwa zimetumika Uhispania. Treni haijui jam. Hata barabara ifunge vipi, yenyewe inapita tu.

Lakini reli ile ya zamani haikujengwa kwa ajili yako wewe unayetoka Githurai kuja shule. Ilijengwa kubeba mizigo na wasafiri wa mbali, na sehemu kubwa ya njia hizo ni reli moja tu, ya kwenda na ya kurudi ndiyo hiyo hiyo. Treni mbili haziwezi kupishana ila mahali penye njia ya pembeni. Ikiwa kutoka mahali pa kupishana hadi pengine ni mwendo wa dakika 15, basi kwa dakika hizo zote treni inayotoka upande wa pili imesimama inangoja. Kwa sababu hiyo, kuongeza mabehewa ni rahisi kuliko kuongeza safari. Aliyeikosa treni ya asubuhi hana nyingine nyuma yake ya kukimbilia. Anarudi stejini kwa matatu. Ili treni zipite kila dakika kumi, lazima ilazwe reli ya pili, na kila mahali barabara inapokata reli pajengwe daraja. Hayo yanawezekana, lakini tusiseme kwamba "reli ipo tayari". Ni nusu tu iliyo tayari.

Upande wa barabara nao walijitetea vibaya, nasema hivi bila kuwachukia. Walizungumza juu ya kupanua barabara, basi. Barabara ya Thika ilipanuliwa ikakamilika mwaka 2012, ikawa na safu nane katika baadhi ya sehemu, na bado jam ya kuingia mjini ilirudi. Barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa mwaka 2022, nayo ni ya kulipia. Mwenye gari akiwa na haraka hulipa akapaa juu. Abiria wa matatu ya kawaida wanabaki chini wakiitazama kwa macho.

Walichopaswa kueleza ni mabasi yaendayo haraka. Wengi hudhani ni mabasi mapya yenye injini kali. La! Basi ni basi tu. Kinacholipa kasi ni mambo matatu ambayo hayamo ndani ya basi. La kwanza, lina safu yake barabarani, na gari lingine lolote likiingia ni kosa. La pili, abiria hulipa nauli kituoni kabla ya kupanda, kwa hivyo hakuna kutafuta chenji mlangoni. La tatu, sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, na milango ni mingi na mipana. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, mlemavu katika kiti cha magurudumu, wote huingia kama mtu anayeingia sebuleni. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hubeba watu wapatao 150. Gawanya kwa 14 uone: hizo ni Nissan zaidi ya kumi zilizoondoka barabarani.

Mpango wa Nairobi ulichora njia tano, zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Ndovu ingetoka upande wa Limuru na Kangemi hadi Imara Daima na kuendelea. Simba ingeunganisha upande wa Rongai na ule wa Thika. Chui ingetoka Njiru na Dandora kupita mjini kuelekea Ngong. Ukizitazama katika ramani zinapendeza. Mwaka 2018 mistari myekundu ilichorwa kwenye Barabara ya Thika kuonyesha safu ya mabasi hayo. Mabasi yenyewe hayakufika mwaka huo wala uliofuata, na matatu zikaendelea kupita juu ya rangi ile kana kwamba ni pambo la harusi.

Majirani zetu wa Dar es Salaam walitutangulia. Mabasi yao, ambayo wenyewe huyaita mwendokasi, yalianza kazi Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya kwenda Kariakoo na Morocco, jumla kilomita 21 hivi. Safari iliyokuwa ikila saa mbili ikawa ya chini ya saa moja. Lakini tusiwaige kwa kufumba macho. Karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, bondeni kwa Mto Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha maji yalijaa na huduma kusimama. Isitoshe, mabasi yalikuwa machache kuliko watu, ikawa foleni iliyotoka barabarani imehamia ndani ya kituo. Hapo mtu ajifunze: njia nzuri isiyo na mabasi ya kutosha ni uwanja wa kusubiria tu.

Jambo ambalo pande zote mbili zililikwepa siku ile, nadhani kwa sababu wengi wetu wazazi wetu wanalila, ni matatu. Tumezoea kuwalaumu madereva na makanga. Hebu tuangalie hesabu yao. Mwenye gari hudai kiasi chake kila jioni, liwalo na liwe. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho cha dereva na makanga. Gari likiondoka nusu tupu wao ndio wanaolala njaa. Kwa hivyo lazima wangoje lijae, kisha wakishaondoka lazima wakimbie ili wapate mzunguko mwingine. Na mwanafunzi anayetaka kulipa kidogo anakalia kiti cha mtu wa bei kamili, ndiyo maana anaambiwa angoje nyuma. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zilipunguza abiria kuwa 14 na kuleta mikanda, lakini hesabu hii ya jioni hazikuigusa.

Ukileta basi la haraka bila kuwafikiria watu hawa, utakuwa umeleta vita. Johannesburg waliliona hilo. Mabasi yao ya Rea Vaya yalianza mwaka 2009 huku wenye teksi wakipinga vikali, na mwaka 2011 kampuni ya wenye teksi wenyewe, PioTrans, ikapewa kuyaendesha. Aliyekuwa mpinzani akawa mwenye hisa. Dar es Salaam nako wenye daladala waliingizwa katika kampuni ya mwanzo. Si kwamba ugomvi uliisha, lakini ulihamia mezani.

Kwa maoni yangu, basi, hoja yetu iliulizwa kombo. Kuuliza treni au basi ni kama kuuliza mguu wa kulia au wa kushoto. Kayole haina stesheni ya reli, Kawangware pia; huko basi ndilo linalofaa. Ruiru na Limuru ziko mbali na reli inazipitia. Huko treni ikiongezewa njia ya pili haina mpinzani. Na matatu ndizo zinazojua vichochoro. Ziwekwe kuleta watu stesheni, kwa tikiti moja hiyo hiyo, na mishahara ya wafanyakazi wake isitegemee kujaza viti. Stesheni ya Syokimau ilijengwa na maegesho ya magari, vizuri sana, lakini asiye na gari anahitaji njia ya miguu yenye taa na isiyo na matope. Pesa za taa na njia ya miguu ni ndogo mno zikilinganishwa na za reli.

Halafu kuna nauli. Watu wengi wa Mukuru na Kibera huenda kazini kwa miguu kwa sababu hata matatu ni ghali kwao. Kasi ya basi haiwasaidii ikiwa hawawezi kulipanda. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, mtu mzima alilipa shilingi 650 za Tanzania katika njia kuu na mwanafunzi 200. Katiba yetu ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo kama haya, na sisi wa shule za kutwa tunapanda magari siku tano kwa juma. Mkutano wa maoni ukiitishwa kwa chifu siku ya Jumamosi, mimi nitakwenda, na swali langu la kwanza litakuwa hilo la shilingi ngapi kwa mwanafunzi, na iwe imeandikwa.