Njumu Zinanuka na Bado Ni Baridi? Hivi Ndivyo Unamaliza Harufu Bila Kumaliza Doo

Kuna sentensi moja inaweza kukumaliza kabisa: "Karibuni, vueni viatu hapo mlangoni."

Mimi ilinipata Julai moja hapa Elburgon. Nilikuwa nimetoka kucheza mpira kwa matope, nikapitia kwa kina beshte yangu kuchukua chaja. Mathe wake ni mtu wa heshima, hakusema kitu. Aliamka tu polepole, akaenda akafungua dirisha. Saa moja jioni. Elburgon. Julai. Kama unajua baridi ya huku, unajua hiyo dirisha ilikuwa hukumu.

Wasee wengi hudhani miguu kunuka ni shida ya watu wa joto. Zi. Huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu na msitu wa Mau hapo kando, ndio shida inakuwa kubwa. Sababu ni hii: nje kuna baridi, so unadunga soksi mbili na njumu nzito. Ndani ya kiatu mguu unasikia joto na unatoa jasho. Jasho haina pa kwenda. Usiku unafika, kiatu hakijakauka, asubuhi unakivaa tena kikiwa bado na unyevu. Fanya hivyo wiki moja na utafunguliwa dirisha.

Hata wale wa michezo ya barafu wanapitia hiyo maneno. Unamkumbuka Philip Boit? Ndiye Mkenya wa kwanza kushindana Olimpiki ya msimu wa baridi, kule Nagano, Japani, 1998. Halafu 2018 Sabrina Simader, dem aliyezaliwa Kilifi, akatuwakilisha Pyeongchang, Korea Kusini. Nairobi nako kuna Ice Lions, wasee wa hoki ya barafu waliojifunzia pale hoteli ya Panari. Chini ni barafu, lakini ndani ya kiatu mguu unatoka jasho kama uko Lodwar. Kiatu cha hoki kikifungiwa kwa begi baada ya gemu, usikifungue karibu na watu.

Harufu inatoka wapi?

Jasho lenyewe halinuki, ni kama maji na chumvi tu. Wenye kuleta noma ni bakteria wanaoishi kwa ngozi. Wanakula jasho na ngozi iliyokufa, halafu wanatoa asidi zenye harufu kama jibini iliyooza. Na sio matusi: bakteria wa jamii ya Brevibacterium wanaopatikana kwa miguu yetu wana ndugu zao wanaotumika kutengeneza jibini ya Limburger huko Ulaya.

Mbu pia wanaipenda. Mtafiti Bart Knols na mwenzake walipata tuzo ya Ig Nobel mwaka 2006 kwa kuonyesha kwamba mbu jike wa malaria anavutwa na harufu ya miguu sawa tu na ya hiyo jibini. Pale Ifakara, Tanzania, mwanasayansi Fredros Okumu na timu yake wakaichukua hiyo akili wakaunda mitego ya mbu yenye harufu ya soksi. So ukishuka Kisumu na hizo soksi zako, jua umejitangaza.

Sasa tunafanyaje?

1. Anza na mguu, sio kiatu. Osha kwa sabuni kila siku, hadi katikati ya vidole. Halafu panguza hadi pakauke kabisa. Hapo kati ya vidole ndipo wengi wanaruka.

2. Badilisha soksi kila siku. Ukitoka mazoezi, zitoe hapo hapo. Zifue kwa maji moto. Na usivae mbili za nailoni juu ya nyingine, moja nzito ya pamba au sufu inatosha.

3. Kausha kiatu kutoka ndani. Toa ile soli ya ndani na ulegeze kamba. Jaza magazeti ya zamani, yanavuta maji vizuri sana. Yakilowa, weka mengine. Gumbuti nayo ioshe ndani kwa sabuni, kisha igeuze juu chini kwa kijiti hadi maji yaishe.

4. Pumzisha kiatu. Kikiweza kukaa siku nzima bila kuvaliwa, bora zaidi. Pea mbili za mitumba zinazopokezana zinashinda pea moja mpya ya bei.

5. Soda ya kuokea. Hiyo ya unga mweupe, lakini sio beking poda, kwa sababu poda imechanganywa na vitu vingine kama wanga. Weka kijiko kimoja kila kiatu usiku, asubuhi kung'uta. Huna? Makaa makavu ndani ya soksi kuukuu pia yanavuta harufu na unyevu.

6. Chai ya rangi. Kericho ni jirani, so hapa hatuna kisingizio. Chemsha majani mengi, acha ipoe, loweka miguu nusu saa. Asidi ya chai inasaidia kupunguza jasho. Kama mguu una kidonda, wachana nayo kwanza.

Usifanye hivi

Usimwagie pafyumu. Utapata harufu mbili zikipigana.

Usianike kiatu nje usiku ukidhani baridi itaua bakteria. Baridi inawalaza tu. Mguu ukirudisha joto, wanaamka na njaa.

Usichanganye vinega na Jik ndio uoshe viatu. Huo mchanganyiko unatoa gesi ya sumu.

Na hii ndiyo kubwa, ishike hata kama umeruka zingine zote: usilale na jiko la makaa ndani ya keja ati unakausha njumu. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, inaua mtu akiwa usingizini. Kiatu kinachonuka unaweza kukirekebisha. Na moto wa karibu pia unayeyusha gundi na kupasua ngozi ya kiatu, so hata njumu yenyewe utaipoteza.

Ikikataa?

Kama ngozi inabanduka na kuwasha kati ya vidole, hiyo pengine ni fangasi. Uliza kwa kemisti krimu ya clotrimazole, na usiache kupaka siku ya kwanza ukiona nafuu. Maliza muda ulioambiwa. Ukiona nyayo zimetoboka vishimo vidogo vidogo na harufu ni kali, hao ni bakteria, na daktari ana dawa yao. Mwenye kisukari asijaribu mambo ya nyumbani kwa mguu wenye kidonda. Aende hospitali mapema.

Hakuna aibu kwa hii maneno, kila mtu ana miguu na kila mguu unatoa jasho. Mimi nilianza na magazeti na soda tu. Juzi nilirudi kwa kina beshte yangu, nikavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mathe akaniletea chai. Dirisha haikufunguliwa.